Siku Tulipomtaka Radhi Bi Mkubwa

Kwa nini mimi tu?

Swali hilo nililiuliza miaka miwili bila kujibiwa. Kila gari letu lilipofika juu ya mteremko wa feri, upande wa kisiwani au upande wa Likoni, Mzee Rama dereva alisimamisha, akanyoosha mkono mbele yangu akafungua mlango, akasema, "Teremka mwanangu, utatukuta chini." Nyuma huenda walikuwa wamekaa wanawake watatu wazima, wenye nguvu kunishinda, wanaokwenda zao mjini kununua kitambaa. Hao hakuwateremsha. Mimi, afisa mwenye gari, ndiye niliyetembea kwa miguu kama mtu aliyekosa nafasi.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuzunguka kwa akina mama na watoto mmeniomba niandike niliyojifunza. Nimejaribu mara tatu kuanza na mambo ya maana, na kila mara nafika kwenye gari lile. Basi naanza na gari.

Nilipewa kazi hiyo miaka miwili kabla ya uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala, nimesomea mambo ya jamii, na nimerudi nyumbani Changamwe na ugonjwa mmoja: nilikuwa siwezi kusikia jambo bila kuuliza sababu yake. Nilimuuliza padri wetu. Nilimuuliza mama, mpaka akaacha kunipikia wali wa nazi nilioupenda. Baba, aliyekuwa fundi wa reli na mtu wa maneno machache, aliniambia, "Kadzo, mtu akikuamkia asubuhi, wewe itikia tu. Usimuulize ana maana gani."

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa kisiwani, na eneo nililopewa lilikuwa ng'ambo, kuanzia Likoni mpaka Shika Adabu na vijiji vya nyuma yake. Kazi yenyewe ilikuwa kupima watoto, kuonyesha mama jinsi ya kuchanganya uji, kuandika nani anaumwa, na aliyezidiwa kumvusha mpaka hospitali. Vifaa vyangu vilikuwa mizani ya kuning'iniza, daftari, sufuria na Mzee Rama.

Nianze na jambo litakalowafaa, kabla sijapotea. Siku yangu ya kwanza Shika Adabu niliifunga mizani kwenye boriti ya baraza, nikamweka mtoto wa kwanza, mvulana mnene mwenye mikunjo mapajani, nikasoma kwa sauti ya darasani, "Ratili ishirini na moja." Nilidhani mama yake atafurahi. Akamchomoa mtoto kwenye mizani, akamfunika kanga hadi usoni, akaondoka. Akafuata wa pili. Kabla sijafunga daftari, baraza lilikuwa limebaki na mimi na kuku.

Mzee Rama alikuwa ameegemea gari, anakula muhogo.

"Umemtia mtoto wa watu machoni," akasema.

"Machoni pa nani?"

"Pa wote. Unene wa mtoto hautangazwi, mwanangu. Mwenye kijicho akisikia hesabu, mtoto haoni kesho njema."

"Una ushahidi gani kwamba kijicho kinaua?"

Akatazama lile baraza tupu, akatafuna, akasema, "Ushahidi wangu ni huo."

Wiki iliyofuata nilimnong'oneza kila mama ratili za mtoto wake sikioni, nikaandika, nikanyamaza. Walijaa mpaka nikakosa pa kukanyaga, wakaanza kuniita mwalimu. Sikuamini kijicho wakati ule na siamini leo, lakini nilinong'ona mpaka siku niliyostaafu. Hilo liandikeni.

Sasa gari. Lilikuwa gari la zamani la Kiingereza, mbele chuma na nyuma mbao, mbao kwelikweli, zenye fremu kama kabati la nguo. Lilikuwa limetumika tangu baada ya vita, likapita mikono ya mabwana wanne, na mikononi mwa Mzee Rama lilikuwa na miaka kumi na moja. Wanawake wa Shika Adabu walilipa jina la Bi Mkubwa. Walisema ndiye mke wa kwanza wa Mzee Rama, na yule aliye nyumbani ndiye mdogo. Mkewe mwenyewe alikuwa akiuliza, mumewe akirudi, "Mwenzangu hajambo?"

Mbao za pwani huliwa na mchwa na unyevu, na dawa aliyoijua Mzee Rama ilikuwa ile vinayopakwa vyombo vya baharini: sifa, mafuta ya maini ya papa. Kila mwezi alivua shati, akazipaka mbao mpaka zinang'aa. Kama hamjawahi kusikia harufu ya sifa ndani ya gari lililofungwa, saa saba ya mchana, mwezi wa Februari, nawaombea msiisikie. Wiki ya kwanza nilitapika mara mbili, na wanawake wakaanza kunitazama tumbo na kunong'onezana. Tukisimama mahali, paka walitoka uvunguni na majikoni wakaja kukaa kulizunguka gari, wametulia, kama watu waliokuja kusikiliza mashtaka. Mzee Rama aliwasalimu. Aliwaambia, "Bi Mkubwa hana samaki, ana sifa tu."

Sikulipenda gari lile mara moja. Nililipenda baada ya kuona linavyopita kwenye mchanga ambako magari mapya yalizama hadi ekseli, na linavyokubali kupakia mgonjwa akiwa amelala chali, maana mlango wa nyuma ulifunguka wote kama wa nyumba. Watoto wasiopungua wanane walizaliwa wakati wangu kwa sababu mama zao walifika hospitali, na walifika kwa gari lile. Mwaka wa pili sikusikia tena harufu ya sifa. Mama yangu ndiye aliyenikataza kuning'iniza nguo zangu pamoja na za wengine.

Lakini mteremko wa feri ulinitia wasiwasi tangu mwanzo, na sababu ilikuwa Mzee Rama mwenyewe. Huyu mtu wa mizaha, aliyezungumza na paka, akifika pale alibadilika. Akishaniteremsha, aliwageukia walio nyuma akasema, "Nyamazeni sasa, Bi Mkubwa anasikiliza." Wakanyamaza wote, hata watoto. Wengine walidhani anasoma dua, nao wakasoma zao kimoyomoyo. Gari likashuka polepole sana, yeye ameinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, likaingia ferini na kusimama. Mimi nilikuwa nikitembea kando huku nimeshika kikapu, natazama. Nilijiuliza: kama hakuna hatari, anaogopa nini? Na kama hatari ipo, kwa nini aniokoe mimi na kuwaacha wenye mimba?

Nilimuuliza kwa kila namna niliyofundishwa. Nilimuuliza kwa upole na kwa ukali. Nilimuuliza kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke, akacheka, akanionyesha nyuma, maana walikuwa wanawake watupu. Nilimuuliza kama ni kwa sababu mimi si Mwislamu. Hapo alikasirika. "Wallahi hilo hukuniona nalo," akasema.

Siku moja penseli yangu ilianguka, nikainama kuitafuta, nikaona chini ya pedali ya breki pamefungwa kifuniko cha mkebe wa maziwa kwa waya. Kile kifuniko kilikuwa kimebonyea katikati, na mguu ukikanyaga pedali kililia: ka. Niliusikia mlio ule kila siku nikidhani ni uzee wa gari.

"Hiki nini, Mzee?"

"Dawa ya Bi Mkubwa."

"Dawa ya nini? Breki zina nini?"

"Mwanangu," akasema, "chuoni kwenu hakukuwa na siku ya mapumziko?"

Nikaamini nimegundua jambo. Breki mbovu, zimefungwa kwa vifuniko vya maziwa, na dereva anaficha.

Kisha ikaja siku ya mnyororo.

Ilikuwa siku za bamvua na maji yamekupwa sana. Mnaovuka pale mnajua: maji yakipwa, feri hushuka, na mteremko unakuwa mkali, tena una utelezi wa kijani unaoachwa na bahari. Nyuma tulimpakia Mwanahamisi wa Shika Adabu, mwenye mimba ya miezi minane, miguu imevimba mpaka ndara hazimwingii, anasema anaona vimulimuli mbele ya macho. Mama yake alikuwa amempakata kichwa. Nilikuwa nimesema huyu halali nyumbani leo.

Tukafika juu. Mzee Rama akanyoosha mkono kunifungulia mlango.

"Siteremki leo," nikasema.

"Kadzo."

"Mgonjwa ni wangu. Nakaa naye."

Mama yake Mwanahamisi akasema kutoka nyuma, "Mwache mwalimu wa watu akae, Mzee Rama. Gari halijamkataa."

Chini, mfanyakazi wa feri alikuwa akitupungia mkono, maana tulikuwa wa kwanza kuingia. Nyuma yetu lori la nazi likapiga honi. Mzee Rama alinitazama kwa muda, na nikaona jasho juu ya mdomo wake, naye hakuwa mtu wa kutoka jasho.

"Basi funga mdomo," akasema. "Nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

Akaliachia gari. Nilinyamaza kiasi cha magurudumu ya mbele kuingia mteremkoni. Kisha nikaona, sasa nimo ndani, hana pa kukimbilia.

"Nieleze jambo moja tu," nikasema. "Wengine wote unawaacha ndani. Kwa nini mimi tu? Nikijua sababu nitanyamaza, lakini huwezi kumfanya mtu mzima..."

Gari lilishika kasi. Sikuelewa mara moja, nilidhani ameudhika. Mabamba ya feri yakanguruma chini yetu, na bado tunakwenda. Yule mfanyakazi aliruka kando akipiga kelele, "Kabari! Tieni kabari!" Mzee Rama aliivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na papo hapo mtu akaisukuma kabari ya mbao chini ya gurudumu la mbele. Gari likaipanda, likasita, likarudi. Bampa lilikuwa limegusa mnyororo wa mwisho wa feri, na mnyororo umekazika. Ng'ambo ya mnyororo palikuwa na maji, na makumbi ya nazi yakielea.

Niligeuka nikamwona Mwanahamisi ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

Yule wa feri akaja dirishani. "Mzee Rama, ulitaka kufika kisiwani kabla yetu?"

Watu wakacheka, kicheko cha woga. Mzee Rama hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado imeshika breki. Akasema bila kunitazama, "Breki zimekufa." Kisha, "Gari limezeeka, mwanangu. Si kosa la mtu."

Mwanahamisi tulimfikisha hospitali.

Nilijua la kufanya. Kanuni ilikuwa wazi: gari lenye hitilafu, afisa anaandika barua. Lakini kesho yake Mzee Rama alinisubiri nje ya ofisi, kofia mkononi.

"Usiandike," akasema. "Jumamosi nitazifungua mwenyewe, nizisafishe, nizifunge upya."

"Na zikifa tena?"

"Hazifi tena, inshallah. Wewe teremka tu kama zamani." Kisha akasema, "Wakimchukua Bi Mkubwa wananichukua na mimi. Na Tima amebakiwa na miaka miwili."

Tima alikuwa binti yake wa mwisho, alikuwa shule ya bweni, na baba yake alitaka awe mwalimu. Kila mara aliponitambulisha kwa watu hakusema mimi ni afisa, alisema, "Huyu amesoma. Tima wangu atakuwa hivi, ila mpole zaidi."

"Gari likienda utapewa jingine," nikamwambia.

"Sitaki jingine."

"Kwa nini?"

Akavaa kofia yake, akalifuata gari.

Sikuandika. Badala yake nilikwenda kwa seremala wa Likoni, nikamwambia anikatie kabari ya mti wa mkoko, nikawa natembea nayo kikapuni kati ya daftari na sufuria. Tukifika mteremkoni, niliteremka, nikaenda sambamba na gurudumu la mbele, nimeishika kabari tayari kuitupa. Wanawake waliniona. "Mwalimu siku hizi anatembea na mguu wa meza," walisema. Kila tulipovuka salama nilijiambia breki zimepona, na kila tulipokaribia kuvuka tena nilijua sijui. Asubuhi nilikuwa natazama maji kabla ya kunywa chai. Yakiwa yamejaa, nilikula. Yakiwa yamekupwa, nilibeba kabari nikaondoka bila kula.

Mwanahamisi alijifungua msichana. Alipotimiza siku arobaini alimleta kwenye mizani, nikainama kumnong'oneza ratili zake. Aliponigeuzia sikio nikauona tena akilini ule mnyororo umekazika. Nikamwambia ratili nane, nikaandika nane, nikasoma tena, zilikuwa tisa. Jioni ile niliandika barua: breki za gari haziaminiki, na gari linabeba wagonjwa.

Barua za ofisini alizipeleka Mzee Rama mwenyewe, hakukuwa na tarishi mwingine. Ilinibidi nimkabidhi. Aliishika ile bahasha, akaipima mkononi.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Na aliifikisha. Jambo hilo nimelifikiria kuliko mengi niliyosoma.

Jibu lilikuja upesi. Mkubwa wetu, Mwingereza aliyekuwa anafunga masanduku yake, aliandika kwamba gari lipelekwe gereji ya serikali kukaguliwa, na hata likipona halitarudi barabarani, umri wake umepita. Zilikuwa zimebaki wiki chache bendera ibadilishwe, na kila mtu alikuwa na haraka ya kuondoa vya zamani. Hata mimi nilikuwa nayo.

Siku ya mwisho tulipima watoto Shika Adabu kama kawaida. Nilipofungua mizani kutoka kwenye boriti, nikaona hawaondoki. Waliliendea gari. Huko kwao mtu hasafiri safari ndefu, wala haagani na mwenziwe wa miaka, bila kutakana radhi: niwie radhi kwa niliyokukosea. Husemwa kwa mgonjwa, kwa anayekwenda Makka, kwa jirani anayehama. Sikujua kwamba husemwa kwa gari, na nadhani nao hawakujua mpaka siku ile. Mmoja alikuja na mrashi, akainyunyizia boneti marashi, yakachanganyika na sifa, na harufu iliyotoka sina jina lake. Mwingine alilifunika kanga kuukuu mbele, kwa adabu, kama anavyositiriwa bibi mzima.

"Niwie radhi, Bi Mkubwa," akasema bibi mmoja, "nilikutapikia kiti."

"Na mimi nilisema unanuka," akasema mwingine, "na bado unanuka, lakini niwie radhi."

Walicheka, na walikuwa wanalia. Mimi nilisimama kando. Nikasema, labda kwa sababu nilikuwa karibu kulia, "Jamani, gari ni chuma na mbao."

Mama yake Mwanahamisi akanigeukia. "Na wewe ni nyama na mifupa, mwalimu, mbona tunakuamkia?"

Kisha wakampisha Mzee Rama. Alikuja polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, na hakufanya mzaha. Alisema, si kwa sauti kubwa, lakini nilikuwa karibu, "Niwie radhi. Nimekutwika langu."

Nilidhani anasema juu ya mizigo, ile miaka ya kulipakia kupita kiasi. Akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu. Niwie radhi."

"Sina kinyongo, Mzee," nikasema.

Alisubiri. Nilijua anasubiri nini, wanawake nao walijua, maana anayeombwa radhi huomba na yeye. Ilikuwa zamu yangu. Lakini nilijiuliza: nimekosa nini? Nimefanya kazi yangu, aliyeficha ni yeye. Sikuwa tayari kuomba radhi kwa jambo ambalo sikuona kosa lake.

"Mimi nilifanya kazi yangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Uliifanya," akasema, akanifungulia mlango.

Juu ya mteremko aliniteremsha mara ya mwisho. Nilitembea kando, kabari mkononi. Ka, ikalia, na gari likasimama vizuri kabisa.

Gereji, fundi mkuu alikuwa Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe. Aliliendesha gari uwanjani, akalisimamisha ghafla mara nne, akaingia chini yake, akatoka na uso wa mtu aliyepotezewa wakati.

"Nani sema breki mbaya?"

"Mimi."

"Hii breki nzuri kuliko ya gari yangu. Mbao imeoza, hiyo kweli. Breki hapana." Akainama, akakata waya kwa koleo, akanitupia kile kifuniko cha maziwa. "Na hii takataka nani weka?"

Nilimtafuta Mzee Rama nimuulize. Alikuwa tayari amekwenda kituo cha basi.

Gari jipya lilikuja kabla ya sherehe za uhuru, la chuma tupu, rangi ya majani. Aliitwa alichukue. Alikaa kwenye usukani dakika chache, akakanyaga hiki na kile, mlango wazi, kichwa ameinamisha. Akashuka akarudisha funguo.

"Huyu Bi Mdogo," akasema, "lugha yake siisikii."

Wote tulicheka. Aliacha kazi wiki hiyo, akarudi shambani kwake kwenye minazi na muhogo. Nilisema ni ukaidi wa wazee, na nililisema mbele ya watu. Nililipitia lile shamba mara mbili katika miaka iliyofuata. Tulizungumza habari za mvua. Sikumuuliza, jambo ambalo halikuwa desturi yangu, na yeye hakusema. Tima aliendelea na shule kwa msaada wa mjomba wake, akawa mwalimu. Mzee Rama alifariki nikiwa nimehamishiwa Kisauni, nikachelewa maziko.

Ninyi mtauliza kama nilijuta kuandika barua. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa hapana, na halikuwa jibu la kweli. Breki zilikuwa nzima. Gari lilikuwa limekaribia kutuua. Mambo hayo mawili hayakukaa pamoja kichwani mwangu, na kila nilipofundisha vijana kuandika ripoti niliwaambia waandike walichokiona tu, wasiandike sababu. Hawakujua naogopa nini.

Kile kifuniko sikukitupa. Nilikitilia pini, kikakaa juu ya meza yangu ya kushonea katika kila nyumba niliyohamia.

Mwaka niliostaafu, Tima alikuja nyumbani kwangu Kisauni kunialika arusi ya bintiye. Amekuwa mtu mzima, mwenye miwani, na ni mpole kuliko mimi, kama alivyotabiriwa. Nilikwenda kutia maji ya chai. Nikasikia nyuma yangu: ka.

Nilirudi nikamkuta amemwaga pini mezani, ameshika kifuniko, kidole gumba katikati.

"Umekipata wapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Akakaa. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa na sukari miaka mingi, na hakutaka ijulikane kazini. Mguu wake wa kulia ulikufa ganzi kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kifundo. Nyumbani walijua siku alipokanyaga kaa la moto jikoni akaendelea kuzungumza mpaka mkewe akasikia harufu. Breki za Bi Mkubwa hazikuwahi kuwa na kasoro. Yeye ndiye aliyekuwa hawezi kujua kama amekanyaga pedali au amekanyaga sakafu, na kile kifuniko ndicho kilichomwambia. Barabara tambarare alijimudu, usukani na gia vilimtosha. Kwenye mteremko wa feri alihitaji kuusikia ule mlio, na kuusikia alihitaji watu wanyamaze.

"Alikuwa akisema watu wote wananyamaza ukiwaomba," Tima akasema, "ila mwalimu."

Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kuzungumza juu ya siku ya mnyororo.

Alisema ndiyo, mara moja, usiku ule ule, alimwambia mkewe na Tima alikuwa likizo. Alisema alikanyaga, akangoja mlio, na asipousikia akadhani amekanyaga sakafu, akauondoa mguu; hakuusikia kwa sababu mwalimu alikuwa anauliza swali.